Barua ya wazi kwa mnaosimamia vifaranga vya sato Ziwa Victoria: tunauziwa ukoo mmoja

KWA: Waheshimiwa wote mnaosimamia uvuvi na ufugaji wa samaki ukanda wa Ziwa Victoria
KUTOKA: Mfugaji wa vizimba, Ukerewe
YAH: UHABA WA SAMAKI WAZAZI, KINGA ILIYOPOTEA NA VIMELEA VINAVYOTUMALIZA

Waheshimiwa, shikamooni. Kwa wale tuliolingana, habari za kazi.

Barua hii ni ya nne. Ya kwanza niliandika kwa mkono nikaipeleka mwenyewe nikagongewa muhuri wa IMEPOKELEWA, ya pili nikatuma kwa barua pepe, ya tatu nikamkabidhi afisa mmoja aliyekuja mwaloni, akaikunja akaitia mfuko wa shati na mpaka leo sijui ile barua ilisomwa au ilifuliwa pamoja na shati. Sitaji ofisi wala mtu, sitaki kumwaga unga wa mtu. Ila nimechoka kuandika kimyakimya, leo naandika hadharani na wafugaji wenzangu nao wasome.

Nalisema jambo lenyewe mapema kwa asiye na muda wa kufika chini. Vifaranga vya sato (wengine humwita tilapia) tunavyouziwa vinatoka kwa wazazi wachache mno, na hao wazazi wenyewe ni ndugu waliozaa na ndugu vizazi na vizazi. Kwenye semina mnatuambia hasara yake ni samaki kudumaa. Sawa, kudumaa kupo, lakini kuna kitu kingine kinaondoka pale ambacho sijawahi kusikia mtu anakitaja kwenye semina hata moja, nacho ni kinga ya samaki dhidi ya minyoo na vimelea.

Niliyoyaona kwangu ni haya. Msimu wa juzi nilikuwa na vizimba viwili vimekaa sambamba, mtumbwi unapita katikati kwa shida. Chakula kilekile, neti zilezile, maji yaleyale. Kimoja niliweka vifaranga kutoka kituo ambacho wengi wetu huku tunakitegemea, kingine nikaweka vya mzee mmoja jirani mwenye mabwawa matatu ambaye kila mwaka anaongeza wazazi wapya wa kutoka ziwani. Mwezi wa tatu samaki wa kile kizimba cha kwanza wakaanza kujikwaruza kwenye neti, wanapanda juu wanahema, ukimshika mmoja mkono unajaa ute kama umeshika bamia. Nikamchukua mmoja nikampelekea kijana anayesomea mambo ya samaki, akakata kipande cha matamvua akakiweka kwenye hadubini akaniita nichungulie. Jamani. Vidude vinanesa kama majani kwenye upepo, vimejishika kwa kulabu. Tukaangalia na samaki wa kizimba cha pili, navyo vilikuwepo, sisemi havikuwepo, ila ni vya kuhesabu na wale samaki walikuwa wanakula kama kawaida. Kile cha kwanza nilivuna chini ya nusu ya nilichoweka.

Najua vizimba viwili siyo utafiti. Mtu anaweza kuniambia labda vifaranga vya kituo vilisafirishwa vibaya, labda vilikuja na ugonjwa tayari, na kwa kweli msimu wa kwanza kabisa mimi mwenyewe nilijaza kizimba kupita kiasi nikajiletea balaa kwa mikono yangu. Ndiyo maana niliuliza, nikasoma, nikasumbua watu, na nilichokuta ndicho kilichonifanya niandike barua nne.

Mwilini mwa samaki, kama mwilini mwetu sisi, kuna jeni zinaitwa MHC. Kazi yake nitaieleza kimwalo. Mdudu akiingia mwilini, protini zinazotokana na hizi jeni zinachukua kipande cha yule mdudu zinakipandisha juu ya seli ili askari wa kinga wakione waseme huyu siyo wa kwetu, apigwe. Bila kuonyeshwa hicho kipande, hao askari wanapita tu kama hawajaona kitu. (Peter Doherty na Rolf Zinkernagel ndio walioonyesha mwaka 1974 kwamba hao askari hawamtambui adui mpaka aonyeshwe kwa njia hiyo, na mwaka 1996 wakapewa tuzo ya Nobel, kwa hiyo hili somo halijaanza jana.) Sasa ujanja uko hapa, kila aina ya MHC inashika vipande vya namna fulani tu. Ni kama neti na macho yake. Neti ya inchi sita haikupi dagaa hata ukilala nayo ziwani mwezi mzima, na wavu wa dagaa siyo wa kumfuatia sangara wa kilo ishirini. Kwenye kundi la samaki lenye aina nyingi za MHC ni kama mwalo wenye neti za macho yote, kimelea chochote kikija kuna samaki wa kukishika. Kundi lenye aina mbili tatu ni mwalo ambao kila mtu ana neti ya jicho moja, siku akija mdudu anayepenya jicho hilo anapenya kwa wote.

Na samaki wa kwetu huku ndio mfano wa dunia nzima. Mwaka 1993 timu ya mtafiti Jan Klein ilionyesha kuwa samaki wa Ziwa Nyasa, hawa ndugu zake furu, jamii moja na sato, wana utofauti mkubwa sana wa hizi jeni. Mwaka 2007 ukatoka utafiti mwingine wa Ziwa Nyasa hukohuko, samaki wa aina mbili wanaokaribiana sana kiukoo na wanaishi sehemu moja, kumbe vimelea vyao vinatofautiana na MHC zao zinatofautiana pia. Yaani kila ukoo umejitengenezea neti zake kufuata maadui inaokutana nao. Watu wanatoka Ulaya kuja kujifunza hayo kwenye maziwa yetu, afu sisi wenyewe tunazalisha vifaranga kama tunafyatua matofali.

Sasa niyapange malalamiko.

1. HESABU YA WAZAZI HAIKO SAWA

Niliwahi kuingia kwenye kituo kimoja kama mteja nikaona wazazi wakiwa kwenye hapa. (Kwa asiyejua, ile neti ya kuzalishia inaitwa hapa. Ndiyo, hapa. Ukiuliza samaki wako wapi unajibiwa wako kwenye hapa, mgeni anabaki kushangaa.) Nikaambiwa madume 5, majike 45, jumla 50. Mkisikia 50 mnaona ni wengi. Lakini wataalamu wa uzalishaji wana hesabu yao, na siyo ngumu, ni ya darasa la saba: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, gawa kwa jumla yao. 5 mara 45 ni 225, mara 4 ni 900, gawa kwa 50 unapata 18. Kwa hiyo wale samaki 50 kijeni wana uzito wa samaki 18 tu. Wangekuwa madume 25 na majike 25 tungepata 50 kamili. Na hapo bado tunawaonea huruma, kwa sababu kila aliyewahi kufuga sato anajua madume hawagawani sawa, dume mbabe mmoja anaweza kuwafukuza wenzake akawa baba wa karibu hapa nzima.

Twendeni mbele kidogo. Kila kizazi kinapoteza sehemu ya utofauti wake, na sehemu hiyo ni moja gawa kwa mara mbili ya hiyo namba. Kwa 18 ni moja ya 36, karibu asilimia 2.8. Mtu anasema ndogo. Haya, kituo kikichagua wazazi wapya kutoka kwa watoto wa hapohapo kila mwaka, miaka kumi ni vizazi kumi, na utofauti uliopotea ni karibu robo nzima. Wazazi wangekuwa madume 50 na majike 150, uwiano uleule wa dume mmoja kwa majike watatu mnaotufundisha, namba ni 150, na hasara ya miaka kumi ni kama asilimia 3. Robo kwa asilimia 3, na tofauti yake ni hapa chache za ziada na chakula cha samaki mia na hamsini hivi. Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu siyo jambo la mashine ya mabilioni.

2. KINACHOPOTEA KWANZA NI KILE CHA THAMANI

Hili ndilo lililoniuma zaidi nilipolielewa. Ukichota wazazi wachache hupotezi jeni za kawaida, zile utazipata tu. Unapoteza zile za nadra. Chukua aina moja ya MHC ambayo ni asilimia 1 ya nakala zote zilizomo ziwani. Ukianzisha kituo na wazazi wenye uzito wa 18, uwezekano wa kuikosa kabisa ni kama asilimia 70. Ukianza na 150 ni kama asilimia 5. Na ukiikosa pale mwanzo ndo basi, haizaliwi tena kwenye bwawa lako.

Kwani ya nadra ina faida gani? Ina faida kwa sababu vimelea navyo vinajifunza. Kimelea kinazaa haraka, kinabadilika haraka, na kinajipanga kufuata kinga ambayo samaki wengi wanayo, kama jambazi anayesomea kufuli la aina inayouzwa madukani kote. Mwenye kufuli la ajabu anabaki salama. Mwaka 2018 ulitoka utafiti kuhusu gapi wa Trinidad, wale samaki wadogo wa mapambo, na minyoo ya Gyrodactylus inayokaa kwenye ngozi, ikaonekana samaki wenye aina za MHC ambazo kimelea hakijazizoea walishambuliwa kidogo kuliko wenzao. Hiyo minyoo ina ndugu yake anayekaa kwa sato, na ni kiumbe cha kutisha kwa udogo wake kwa sababu haitagi, inazaa mtoto aliye hai, na mtoto anatoka tumboni akiwa tayari na mimba. Mmoja akipanda leo, baada ya siku chache unahesabu ukoo mzima.

Mnisikilize na hapa lakini, maana kuna watu wataruka kusema basi tuchanganye kila kitu na kila kitu. Hapana. Kuna samaki mdogo wa Ulaya mwenye miiba mitatu mgongoni, anaitwa stiklebaki, watafiti wa Ujerumani walimwambukiza vimelea vya aina tatu, matokeo yakatoka mwaka 2003, na waliobeba vimelea vichache zaidi hawakuwa wale wenye aina nyingi kabisa za MHC mwilini bali wale wa katikati. Inaelezwa kwamba aina zikizidi ndani ya mwili mmoja, mwili unalazimika kuwaondoa askari wengi wasije wakaupiga wenyewe, kwa hiyo jeshi linapungua. Kwa hiyo samaki mmoja anahitaji kiasi, ila KUNDI linahitaji wingi, kila samaki na mchanganyiko wake. Ni vitu viwili tofauti. Na jike la stiklebaki linalijua hilo kuliko vituo vyetu, linanusa harufu ya dume na kuchagua mwenye MHC zitakazokamilisha za kwake. Kwenye hapa jike anachaguliwa mume na mtu mwenye ndoo.

3. NGEGE NA MBIRU, HAO NDIO HAMUWATAJI KABISA

Sato tunayemfuga ni mgeni ziwani, aliletwa miaka ya 1950. Wenyeji ni ngege na mbiru, ndugu zake sato. Ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa hili, Michael Graham alipofanya utafiti wake mwaka 1927 na 1928 alimpa jina la kisayansi la esculenta (leo huandikwa esculentus), maana yake anayelika, ni kama mtu aandike kwenye vitabu "samaki mtamu" akafunga mjadala. Leo vijana wa mwaloni kwangu ukiwaambia ngege wanakuangalia tu. Wazee wanamkumbuka.

Ngege amebaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya kwenye kinamasi cha Yala, sehemu ambazo sangara hakufika. Ni samaki walioishi na minyoo ya bonde hili kwa maelfu ya miaka kabla ya sisi kuja na vizimba, kwa hiyo wakati wanakufa wanakufa na neti zao zote. Na mtu wa mradi anakuja na ndoo za vifaranga vya sato anamwaga kwenye kiziwa kwa nia njema kabisa, eti kuongeza kipato cha kijiji, picha zinapigwa. Sato anazaa na ngege. Mahuluti yameshaonekana Kanyaboli, na hapa Tanzania watafiti wamekuta sato wa kigeni wamesambaa kwenye mabonde mengi ya mito na maziwa na wanachanganyika na wenyeji. Mnachokimwaga pale ni vifaranga vya wazazi 18 juu ya urithi wa maelfu ya miaka. Nani alitoa ruhusa? Nimeuliza kwenye barua ya pili na ya tatu.

4. VIFARANGA VINASAFIRI NA ABIRIA

Mfuko wa vifaranga unatoka mkoa hadi mkoa, nchi hadi nchi, hakuna karantini, hakuna anayekwangua hata ngozi ya samaki mmoja kuangalia. Naomba msome kisa cha Norway, na kama hamna muda wa kukisoma nitawasimulia.

Miaka ya 1970 vifaranga vya salmoni kutoka upande wa Bahari ya Baltiki viliingizwa Norway vikiwa na Gyrodactylus. Salmoni wa Baltiki walikuwa wanaishi naye huyo mdudu bila shida kubwa, wamezoeana naye. Salmoni wa mito ya Norway hawakuwahi kukutana naye, kinga yao haikuwa na jibu. Mito takriban 50 iliambukizwa, na kwenye mingi salmoni wachanga wakaisha karibu wote. Mdudu wa nusu milimita. Serikali ikaishia kumwaga rotenoni mitoni kuua samaki wote, wazima na wagonjwa, ili mdudu akose pa kukaa, halafu waanze upya na samaki wa ukoo waliokuwa wamewahifadhi. Rotenoni ndiyo hiyohiyo sumu iliyomo kwenye utupa, ambao huku mtu akikutwa nao ziwani anapelekwa polisi. Nchi tajiri ilifika mahali ikaweka utupa kwenye mito yake yenyewe kwa sababu ya vifaranga ambavyo hakuna aliyeviangalia ngozi.

Sisi hatuwezi kumwaga kitu kwenye ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 lenye nchi tatu. Likitokea, limetokea.

5. HAKUNA REKODI

Hili ni fupi. Nimeuliza wazazi hawa mliwatoa wapi, mwaka gani, wamezalisha vizazi vingapi. Jibu nililopewa: "ni mbegu bora." Ng'ombe wa mnadani ana historia kuliko samaki ninayekopea benki.

Sasa najua mtakavyojibu, maana baadhi ya majibu nimeshayapata mdomoni kwa watu wenu.

Mtasema minyoo ilikuwepo ziwani siku zote. Kweli kabisa, hata dagaa wetu wana Ligula, ule mnyoo mweupe kama utepe unaojaza tumbo la dagaa mpaka anavimba na kizazi chake hakikui, mama anayeanika dagaa anaujua kabla hata ya profesa. Unaanzia kwa vidudu vidogo vya majini, unaingia kwa dagaa, unamalizia kwa ndege anayekula dagaa. Na bado dagaa wapo, tani kwa tani. Naamini wapo kwa sababu ni wengi na wanatofautiana, mnyoo unaua hawa unashindwa na wale. Samaki wangu kizimbani hawana pa kukimbilia na wote wana neti ya jicho moja. Kwa hiyo hiyo hoja ya minyoo kuwepo siku zote ni ya kwangu, naomba mnirudishie.

Mtasema tumieni dawa. Chumvi tunatumia, tumewahi kutumia na formalini kwa maelekezo. Jaribuni siku moja kuwaogesha samaki elfu mbili kwenye beseni katikati ya ziwa upepo wa mchana umeanza. Na ukimaliza unamrudisha kwenye maji yaleyale, kwa jirani yuleyule mwenye minyoo.

Mtasema mnajaza vizimba sana. Nimeshakiri, wengine tunajaza. Wekeni kiwango mkisimamie, nitakuwa wa kwanza kupimwa. Lakini kizimba changu cha pili kilikuwa na idadi ileile na cha kwanza.

Mtasema tutaleta mbegu ya kisasa kutoka nje, na hapa ndo naogopa zaidi. Ile sato maarufu inayoitwa GIFT ilianza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988, na kitu cha kwanza walichofanya ni kuja Afrika kukusanya samaki wa porini, Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawaunganisha na wa kufugwa wa Asia. Yaani kazi yao ilianza kwa kutafuta utofauti, na waliufuata kwetu. Sisi tuununue ukiwa umeshachujwa, uje kwenye ndege na virusi vya sato vilivyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2014 kule Israel, ambavyo tayari watafiti wamevikuta kwenye samaki wa ziwa hili? Sikatai mbegu ya nje milele. Nakataa mbegu ya nje kuwa jibu la uvivu wa kutunza wazazi wa ndani.

Na mtasema hakuna bajeti ya kupima DNA. Anza na kaunta buku. Bei yake mnaijua.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na nasema tunaomba kwa sababu nimezungumza na wenzangu wa mialo minne na wamekubali niandike hivi:

(a) Kila kituo kinachouza vifaranga kiwe na wazazi wenye namba isiyopungua 100 kwa ile hesabu niliyoonyesha, siyo kwa kuhesabu vichwa. Madume wabadilishwe kwenye hapa kila baada ya muda ili asitawale mmoja.

(b) Kuwe na daftari la wazazi, linalosema walikotoka, mwaka, kizazi cha ngapi, na mnunuzi aruhusiwe kulisoma kabla hajalipa.

(c) Vituo vibadilishane wazazi kwa mpango, na damu mpya kutoka ziwani iongezwe kila baada ya miaka michache, ikikaa karantini kwanza na kukaguliwa ngozi na matamvua. Siyo kuzoa ziwani jioni na kuwachanganya asubuhi. Hata yule mzee jirani yangu ninayemsifia hana karantini, nimemwambia.

(d) Ipigwe marufuku kumwaga sato kwenye kiziwa chochote chenye ngege au mbiru mpaka kiziwa hicho kipimwe. Na wale ngege waliobaki wawekewe mabwawa yao maalumu, kwa wingi wa kutosha, siyo jozi mbili za maonyesho ya Nanenane.

(e) Sampuli zichukuliwe vituoni na vizimbani zipimwe utofauti wa jeni, MHC zikiwemo, sambamba na kuhesabu vimelea, samaki yuleyule apimwe vyote viwili. Vyuo vipo, taasisi za utafiti zipo, na ile taasisi ya uvuvi ya pamoja ya nchi zetu, LVFO, iliyoanzishwa kwa mkataba wa 1994, iko Jinja, Uganda. Matokeo yawekwe wazi hata kama yatanionyesha mimi nimekosea. Kama itaonekana vifaranga vya kituo vina utofauti wa kutosha na tatizo ni neti yangu au chakula changu, nitaandika barua ya tano hadharani kuomba radhi kwa jina langu kamili.

Kuhusu hilo la mwisho, nimeshawapunguzia kazi. Yule kijana wa hadubini alinifundisha kukata kipande kidogo cha pezi na kukihifadhi kwenye spiriti kali. Nina chupa 24, 12 za kizimba cha kwanza na 12 za kizimba cha pili, kila moja imeandikwa tarehe, uzito wa samaki na vimelea tulivyovihesabu kwenye matamvua. Ziko juu ya kabati chumbani kwangu, mke wangu ameshaniuliza mara mbili zitatoka lini. Mwenye gari la ofisi akipita kivukoni anipigie, namba yangu ipo kwenye barua zote tatu za mwanzo, nitazileta mwenyewe mpaka kwenye gari.

Wenu katika kazi,

Mfugaji wa vizimba
Ukerewe